Nilikokuwa Mwaka Ule Wote

S.L.P. 47,
Sultan Hamud.
Kasikeu, 14 Agosti 1988

Kwako dada yangu Kinsi,

Salamu aleikum. Nimeanza hivyo kama ulivyonifundisha, na najua utacheka kwa sababu kuitamka bado kunanishinda, afadhali kuiandika. Pokea salamu zangu, za kujaza gunia la ndengu na nyingine zibaki chini za kuku kudonoa. U mzima? Bwana Abukar hajambo, na duka linaendelea? Na Nadifa wetu, je, ameanza kutembea, au bado anajivuta kwa makalio kama ulivyoniandikia? Mwambie ana mama mdogo mwingine huku Ukambani wa chini, ambaye hajamwona lakini anamjua.

Mimi ni mzima. Baba na mama pia. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, lakini mbaazi zimetuonea huruma na ndizo tunazochuma sasa.

Barua yako niliipata mwezi wa tano. Uliniambia kwamba unakata vidonge vyako vipande viwili ili vifike mpaka siku Abukar atakaposhuka Kitui tena, na hilo limenikaa moyoni tangu hapo, nitalirudia. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona habari yangu bado iko njiani, na sikutaka kukupa nusu. Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, mama amelala kidogo. Wacha nikueleze tangu mwanzo.

Wewe ulitoka wodini kule Nairobi kabla yangu, kwa hiyo hukuona nilivyoondoka. Siku Abukar alipokuja kukuchukua na lile lori lililokuwa limeshusha mbuzi, nililala nimejifunika uso mpaka saa ya chakula. Kitanda chako alipewa nyanya mmoja wa Murang'a aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, na tukazoeana. Halafu mwezi wa Novemba baba akaja. Nilimwona kupitia dirishani amesimama karibu na geti, amevaa koti lake la uzee wa kanisa, kofia mkononi, akiwaamkia walinzi mmoja mmoja kama mtu aliyekuja kuposa. Unawakumbuka wale wenzetu ambao daktari alisema walipona zamani, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kufika. Basi nilipomwona baba, jambo lolote ambalo angeniomba siku ile ningelikubali.

Na kulikuwa na jambo la kuomba. Tulipokuwa tumekaa kituoni tukingoja basi la kwetu, aliniagizia chai na mandazi, akaniambia bila kuniangalia kwamba nyumbani watu wanajua nilikuwa Thika, kwenye kiwanda cha mananasi. Alikuwa amewaambia hivyo tangu nilipoondoka, kwa ajili ya wadogo zangu, hasa Kavata ambaye alikuwa ameanza kuongea na kijana wa watu. Hakuniamrisha. Alisema tu kwamba nikiulizwa, naweza kujibu kuwa kazi iliisha. Nikamwambia ni sawa, baba.

Kinsi, sikujua kwamba mananasi yana maswali mengi hivyo. Watu walitaka kujua kama ni kweli mfanyakazi anakula mpaka ulimi unachubuka. Walitaka kujua maganda yanatupwa wapi, na kama ng'ombe anaweza kuyala. Mzee mmoja jirani aliniuliza mara tatu kwa nini sikurudi na hata kopo moja. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa sababu ya dawa, na ulimi ulikuwa mzito, basi akina mama kisimani wakasema ni kemikali za kiwanda, na kwamba serikali ingefaa kuangalia mambo hayo. Nilikuwa naitikia. Jioni nikifika nyumbani nilikuwa nimechoka kuliko mtu aliyelima.

Aliyeniuliza zaidi ya wote ni Mbula. Nilikuambia habari zake wodini, ndiye rafiki yangu wa kwaya tangu tukiwa wadogo. Ana ndugu yake mdogo, Muthama, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani bila kazi, kijana mpole, fundi wa kutengeneza redio za watu. Mbula alitaka nimwandikie bwana mkubwa wa kiwanda amchukue Muthama. Nikasema nitaandika. Akawa ananiuliza kila Jumapili kama jibu limekuja.

Sasa habari ya dawa. Unaijua ile sindano ya mwezi. Mimi ya kwangu niliandikiwa kuipata katika hospitali ya Machakos. Nilikuwa natoka nyumbani kukiwa bado na umande, natembea kwa miguu hadi Sultan Hamud, napanda basi, nachomwa, narudi nikiwa nasinzia. Mama alikuwa akiwaambia watu nimeenda kumwona shangazi. Shangazi huyo akawa mgonjwa sana kwa maneno ya mama, mpaka wanawake wa kanisa wakaanza kuchanga unga wa kumpelekea, na mama akaupokea, angefanya nini.

Muuguzi wa kule Machakos ni Bwana Kilonzo, mtu wa maneno machache, na kabla ya kukuchoma sindano huisugua pamba mikononi mpaka ipate joto. Mwezi wa pili aliniambia kwa furaha kwamba safari zangu zimekwisha. Alisema wakubwa wameamua dawa za akili zisogezwe karibu na watu, na kwamba yeye mwenyewe atakuwa akija Kasikeu kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, siku ya soko, pale dispensari. Siku ya soko aliichagua kwa wema, maana watu wa mbali huja siku hiyo hata bila kuitwa. Nilimshukuru. Lakini moyoni nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi.

Hujafika kwetu, kwa hiyo nikuchoree. Dispensari yetu na soko vimegawanywa na ua wa minyaa tu, na ua wenyewe umekatwakatwa na mbuzi. Benchi la wagonjwa liko nje, barazani, linaangalia moja kwa moja kwa wauza mahindi. Ukikaa kwa ajili ya malaria au mtoto anayekohoa, watu wanakupungia mkono. Lakini siku ya Bwana Kilonzo kila mtu alijua ni benchi la nani. Wapita njia walikuwa wanageuza shingo kuhesabu waliokaa, na aliyekaa hakuwepo. Mimi niliendelea kwenda Machakos. Dawa inakuja karibu kabisa na mlango wetu, nami naikimbia kwa miguu mpaka Sultan Hamud. Bwana Kilonzo alinisikitikia, akanichoma, akaniambia kwamba huko Kasikeu hukaa peke yake na sanduku lake mpaka jua linapoanza kushuka, na kwamba wakubwa wameanza kumwambia mahali pale hapana wagonjwa, wapeleke dawa kwingine.

Mwezi wa sita Muthama akaanza. Kwanza aliacha kulala. Halafu akawa anazungumza na zile redio alizoletewa kutengeneza, hata zisizokuwa na betri, na akasema watoto wa mwalimu mkuu wanamtumia maneno kupitia mabati ya nyumba. Wazee wa kanisa walimwombea. Alipelekwa kwa mtu mmoja wa kutoa uchawi, akarudi na chale kifuani na hali ikawa mbaya zaidi. Siku moja akatoka mbio hadi barabara kuu akitaka kusimamisha malori. Wajomba zake wakamrudisha, wakamfunga kwenye nguzo ya jikoni kwa kamba ya fahali.

Mbula akaja kuniomba niende na wanakwaya wengine tukamwombee. Hakuuliza tena habari za Thika. Nilienda. Wenzangu walisimama mlangoni wakaimba, mimi nikaingia ndani kumsaidia mama yao na moto. Muthama alikuwa ameketi chini, vifundo vya mikono vimechubuka, midomo imepasuka. Aliniangalia muda mrefu, kisha akasema kwa adabu yake ileile ya siku zote: "Dada Mbinya, nipe maji. Lakini onja wewe kwanza."

Nikachukua kikombe, nikanywa nusu, nikampa. Akayamaliza. Nikamletea mengine, nikaonja, akamaliza. Mama yake aliketi kwenye kigoda akaanza kulia, kwa sababu tangu juzi yake mwanawe alikuwa amekataa maji kutoka mkono wa mtu yeyote. Wewe hutashangaa. Unakumbuka tulivyokuwa tunaonjeana uji, wewe wangu na mimi wako, kabla dawa hazijashika. Nilimjua Muthama pale pale jinsi unavyomjua mtu wa kijiji chenu ukikutana naye mji wa mbali.

Nilipotoka nilimvuta Mbula kando nikamwambia nimesikia kuna dawa ya ugonjwa huo, na daktari wake hufika pale dispensari siku ya soko. Mbula akaniambia ndugu yake si mwendawazimu, ni watu wenye wivu. Mama yake alikuwa amesikia. Alitoka jikoni akapanguza macho kwa kanga, akaniambia bila hasira kwamba hizo sindano anazisikia. Watu wanapelekwa Nairobi, wanachomwa, na hakuna hata mmoja anayerudi akiwa mtu. Akasema, "Nionyeshe mmoja tu, Mbinya. Mmoja, nami nitambeba mtoto wangu mgongoni."

Nilikuwa nimesimama mbele yake, Kinsi. Mmoja huyo nilikuwa mimi. Nikasema nitaendelea kuomba, nikaenda nyumbani.

Kesho yake tulikuwa shambani na baba tukichuma mbaazi, yeye mstari wake na mimi wangu. Nilimwambia yote. Nikamwambia nataka kumwambia mama Muthama nilikokuwa mwaka ule wote. Baba aliendelea kuchuma. Kisha akanikumbusha kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata wazee wa kina Musembi, yule kijana aliyekuwa akiongea na Kavata, wangekuja kwa mara ya kwanza kumposa, na mbuzi walikuwa wameshatajwa. Akaniomba ningoje mpaka wapite. Nilimuuliza baba, na Muthama je, angoje muda gani na ile kamba.

Aliweka kikapu chini, akaketi kwenye tuta, na ndipo aliponiambia jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nitake kukuandikia.

Unakumbuka wodini wanawake wengi walikuwa na alama za kamba mikononi, na mimi sikuwa nazo, na wewe ulinishangaa ukaniuliza kwetu walinipelekaje. Nilikuambia kwamba baba alinishika mkono tu, akanitembeza mchana kweupe hadi stesheni, akinisimulia habari za ng'ombe wake wa zamani, tukapanda treni. Nilidhani ni upole wake. Siku ile shambani aliniambia kwamba nyanya yangu, mama yake mzazi, hakufa kwa malaria kama tulivyoambiwa. Alifia Nunguni, kule vilimani alikozaliwa baba, kwenye kibanda nyuma ya nyumba, akiwa amefungwa. Alikuwa na ugonjwa wangu. Baba alikuwa bado hajatahiriwa, na ndiye aliyekuwa akitumwa kumpelekea chakula, kwa sababu mama yake alikuwa hamtishi. Nyanya alikuwa akimwomba amfungulie. Baba alikuwa hawezi kulegeza fundo, wajomba walilifunga wakijua mikono yake ni midogo. Siku moja alimkuta ameshalala upande mmoja na chakula cha jana hakijaguswa.

Baada ya hapo, Nunguni nzima ilimwita baba kwa jina la ugonjwa wa mama yake. Hakuna aliyetaka kumpa binti. Ndiyo sababu alishuka huku Kasikeu kwenye joto, ambako hakuna mtu anayemjua, akaoa mama, akawa mzee wa kanisa. Mama mwenyewe alikuwa hajui habari hii. Na mimi nilipoanza kuugua, baba alisema, aliona afadhali aseme uongo miaka yote iliyobaki kuliko mtu aniletee kamba. Sasa ameshasema uongo, na kamba iko kwa jirani.

Alikaa pale akiangalia mikono yake. Halafu akasema, "Nenda ukamwambie mama ya huyo kijana. Mimi nitazungumza na mama yako na Kavata." Nikaenda na nguo zile zile za shamba.

Sitakuandikia maneno yote. Nilimwambia mama Muthama kwamba sijawahi kufika Thika, na nanasi nimeliona la kuuzwa barabarani kama yeye. Nikamwambia niliona nini na nilisikia nini kabla sijapelekwa, na wakati naeleza, Muthama kule kwenye nguzo akaanza kuitikia kwa kichwa, "Ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo," kama mtu aliyepata shahidi. Mbula alinitazama kama hanijui. Kisha mama yao akaja akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga, akanichunguza kama unavyochunguza kibuyu kama kimepasuka. Akauliza kama ninalala. Nikasema nalala. Akauliza kama napika na chakula kinaiva. Nikasema kinaiva, chumvi ndiyo mama hulalamikia.

Siku ya soko niliketi kwenye benchi. Nilitangulia mapema ili wakifika wakute mtu. Wauza mahindi waliacha kupima. Nilijaribu kuangalia juu, kisha nikaangalia chini, kisha nikaamua kuwasalimia, na wawili walijibu. Wajomba walimleta Muthama wamemshika, bila kamba, maana nilikuwa nimewaomba hivyo. Akaketi karibu nami. Bwana Kilonzo aliposhuka kwenye pikipiki na kutukuta tumekaa pale, alisimama kidogo, akavua kofia yake ya chuma polepole, halafu akaingia ndani akaanza kupanga dawa. Alinichoma mimi kwanza. Muthama aliomba nionje. Nikamwambia nimeshaonja, ni tamu, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Usifikiri yote yamekuwa asali. Muthama alianza kulala wiki ile ile, sasa anakula, lakini amekuwa mzito, mate yanamtoka, na mwezi huu alikataa kuja mpaka Mbula alipomlilia. Redio bado hajagusa. Bwana Kilonzo amempunguzia dawa na kusema tuwe na subira. Wazee wa kina Musembi hawakuja ile Jumamosi. Walituma mtu kusema kwamba watauliza kwanza habari za ukoo wetu, na kuuliza huko kutawafikisha Nunguni, tunajua. Kavata amehamia kwa shangazi (shangazi wa kweli, ambaye ni mzima kabisa) na hajaniongelesha tangu siku hiyo. Simlaumu. Musembi mwenyewe alikuja peke yake kwa baiskeli, akaniuliza ana kwa ana kama ugonjwa huu huingia kwa watoto. Nilimwambia alivyoniambia Bwana Kilonzo, kwamba wakati mwingine hufuata ukoo na mara nyingi haufuati, kwamba Kavata hajawahi kuugua, na kwamba ikitokea, dawa iko na njia yake tunaijua. Alinishukuru akaondoka. Hatujui ataamua nini.

Mama alikaa siku kadhaa hazungumzi na baba. Si kwa ajili ya ugonjwa, alisema, ni kwa ajili ya kufichwa. Sasa wanazungumza. Na kanisani baba alisimama akasema wazi nilikokuwa, akaomba pia avuliwe uzee wa kanisa kwa sababu ya uongo. Pasta alisema watamjibu. Mpaka leo hawajamjibu, na koti bado analivaa.

Benchi mwezi huu lilikuwa na watu sita. Mama mmoja alitembea kutoka mbali na mtoto wake wa kifafa, maana dawa hiyo pia iko kwenye sanduku lile lile, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Sasa wewe. Nilimuuliza Bwana Kilonzo kuhusu vidonge vyako. Amesema usivikate, dada yangu, nusu kidonge ni kama nusu daraja. Amesema anasikia kuna muuguzi wa kazi kama yake aliyeanza kutoka Mwingi kwenda kaskazini, lakini hana hakika kama anafika kwenu Kyuso. Mwombe Abukar aulize dispensari yenu, na wakisema kwenu hapana wagonjwa wa namna hiyo, nenda mwenyewe ukiwa na Nadifa mgongoni. Najua unavyoogopa wateja wa dukani watakavyosema. Watasema. Huku kwetu walisema wiki mbili, kisha nzige wakaingia mashamba ya ng'ambo, watu wakahamia kwenye habari hiyo.

Mwambie Abukar akija minada ya Sultan Hamud akulete. Mama anataka kukuona, nami nitatafuta maziwa ya ngamia kama nitapata wa kuniuzia, na kama sitapata utakunywa ya ng'ombe bila kununa. Mkifika Kasikeu msiulize nyumba ya Ndolo, wako wengi. Ulizeni Mbinya wa sindano. Mwenye kucheka atacheka kidogo, lakini atawaleta mpaka mlangoni.

Mbusu Nadifa pande zote mbili. Msalimie Bwana Abukar na wote wa nyumba yako, na Mungu wako na wangu awape usingizi mzuri.

Ni mimi dada yako,
Mbinya Ndolo